Ikama na bajeti ya kitengo cha kuwahamishia watu kwenye nyumba za serikali: nianzie wapi?

Karani wa Mipango, Malindi

Assalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Ninafanya kazi katika ofisi ya mipango hapa Malindi, na huu ni mwaka wangu wa pili tu katika utumishi wa umma. Wiki mbili zilizopita mkubwa wangu wa kazi alinikabidhi jukumu ambalo limeniondolea usingizi: niandae rasimu ya ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi na idadi ya wafanyakazi, na makadirio ya matumizi ya kitengo kipya kitakachosimamia kuhamishwa kwa watu na kuingizwa kwao katika nyumba za kupangisha zitakazojengwa na serikali. Watu wenyewe ni wa namna mbili. Wako wanaoishi kandokando ya mto Sabaki, ambako mafuriko ya mwaka 2018 na yale ya mwishoni mwa 2023 yaliwakimbiza pamoja na mifugo yao, na wako wa mitaa ya mjini iliyosongamana, ambao watatakiwa kupisha barabara na mifereji ya maji ya mvua.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mkurugenzi, mhandisi, mchoraji wa ramani, wahasibu wawili, makarani watatu, madereva wawili na walinzi. Fedha zilizobaki, yaani karibu zote, nilizipeleka kwenye ujenzi. Nilipoiwasilisha niliambiwa kwamba hata hao ni wengi, na kwamba kila mshahara ninaouweka ni chumba ninachomnyima mwananchi. Hoja hiyo ina uzito na sikuwa na la kujibu.

Ninawaomba waliowahi kufanya kazi hii wanisaidie. Idadi ya wafanyakazi hukadiriwa kwa kipimo gani? Mishahara yao iwekwe katika matumizi ya kawaida au ya maendeleo? Na je, kitengo cha namna hii kinapaswa kuishi muda gani baada ya watu kupewa funguo?


Mhasibu Mstaafu

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimefanya kazi ya hazina kwa miaka mingi katika serikali za mitaa za zamani na baadaye katika kaunti, na umeuliza swali ambalo wakubwa wako wangepaswa kuliuliza kabla ya kukuita. Nitaanza na sheria, kwa sababu ndiyo itakayokubana kwanza.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka, katika muda wa kati, si chini ya asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Kanuni zake za mwaka 2015 zinaweka kikomo cha mishahara na marupurupu kuwa asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Sasa angalia vile sheria hiyo inavyoeleza matumizi ya maendeleo: ni matumizi ya kuunda mali au kuifanya upya mali iliyopo. Ukuta ni mali, na paa ni mali. Afisa wa maendeleo ya jamii anayekaa mkekani na bibi kizee kumweleza kwa nini atahama, huyo si mali, ni mshahara, na mshahara ni matumizi ya kawaida. Kwa hiyo kaunti iliyokwisha kukigusa kikomo cha asilimia 35 inaweza kupata fedha za kujenga nyumba mia tano, ikashindwa kumwajiri mtu mmoja wa kuwaingiza watu ndani yake. Si kwamba viongozi hawawapendi watu wao; ni kwamba fedha za saruji zina mlango wake na fedha za watu zina mlango mwingine, na ule wa pili ni mwembamba.

Hapo ndipo rasimu yako ilipokosea, na uniwie radhi kwa kusema wazi. Umeuchukua huo mlango mwembamba ukaujaza watu wa kukaa ofisini. Mhandisi wa nini, ilhali idara ya ujenzi ina wahandisi wake na mkandarasi ana wake? Mchoraji wa ramani wa nini, ilhali idara ya ardhi inaye? Kitengo chako si cha kujenga. Ni cha kuhesabu, kusikiliza, kuhamisha na kufuatilia, na hakuna hata nafasi moja ya kazi hizo nne katika orodha uliyoitaja.

Idadi ya wafanyakazi isitokane na mfano wa idara ya jirani. Itokane na hesabu ya ziara. Tuchukue mfano wa kaya 300. Ninaposema kaya hapa ninamaanisha watu wanaokula chungu kimoja, si kaya za Mijikenda, yaani ile misitu yao mitakatifu. Kundi la watu wawili, mmoja akishika utepe wa kupimia na mwingine akiandika, likifanya kazi kwa uaminifu haliwezi kumaliza zaidi ya kaya sita kwa siku, kwa maana ni lazima wapime jengo, wahesabu miti, wapige picha, waandike majina ya wote na kuwasomea walichokiandika kabla ya kuwekewa sahihi. Hiyo ni siku 50 za kundi moja, au takriban siku 17 kwa makundi matatu, kisha wiki nyingine nzima ya kuwarudia ambao hawakupatikana. Baada ya kuhama, kila kaya itembelewe mara moja kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Afisa mmoja akitoka siku tatu kwa wiki, na siku mbili akabaki ofisini kuandika na kupokea malalamiko, atafikia kaya tano kwa siku, kumi na tano kwa wiki, sitini kwa mwezi. Basi kaya 300 zinahitaji maafisa watano. Mwaka wa pili ziara zikiwa za kila miezi mitatu, unabaki na kaya 100 kwa mwezi, na maafisa wawili wanatosha. Mtu akikuuliza kwa nini watano, umwoneshe hesabu hii, naye aseme ni ziara ipi haina haja.

Umeuliza pia fungu la kuweka. Ada ya mthamini na ya mpima ardhi ni sehemu ya gharama ya kupata mali, na kwa maoni yangu inaweza kubebwa na mradi wenyewe. Kazi ya kuorodhesha watu, ambayo hufanywa mara moja na kwisha, nayo unaweza kuitetea hivyo ikiwa imo ndani ya maandalizi ya mradi. Lakini wale watano wa kufuatilia usithubutu kuwaficha katika maendeleo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atawafichua, na watakaoteseka ni wao, kwa maana mradi ukifungwa mishahara yao inakatika siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni kalenda, nalo nitalisema kwa kifupi kwa kuwa unaikaribia kila siku. Waraka wa bajeti hutoka kufikia tarehe 30 Agosti na mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, ambao ndio unaoweka viwango vya juu vya kila idara, huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio kamili kufikia tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Wengi huja na hoja zao mwezi wa Aprili wakati kikomo kilishawekwa Februari. Na kabla ya yote hayo peleka ombi la nafasi zako kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kwa maana kisheria bodi hiyo ndiyo inayoanzisha nafasi na kuzifuta. Fedha bila nafasi iliyoidhinishwa hurudi zilikotoka.


Binti Langoni

Shikamoo Mzee, na salaam kwako kaka karani. Mimi niko Amu, yaani Lamu. Niliwahi kuajiriwa kwa mkataba kama afisa wa jamii katika mradi mmoja wa kuwahamisha watu, mradi ambao sitautaja jina, na nilichokiona huko ndicho kinachonifanya niandike.

Mzee amesema kaya sita kwa siku. Ni kweli kwa bara, lakini kwa visiwani punguza. Ukitoka Amu kwenda Faza au Kizingitini ukaukuta mkondo wa bahari wa Mkanda umekauka, utangoja maji yajae, na saa hizo zote mwenye boti na mafuta yake wanakudai. Mkipanga bajeti ya safari kwa hesabu ya kilomita, kama walivyofanya wenzetu waliokuwa wakipangia gari, kufikia mwezi wa tatu mtakuwa mmekwisha fedha za petroli na nusu ya watu hamjawaona.

Tena, ziara si namba tu. Siku moja tulikuwa tukipima nyumba ya udongo na makuti ya mama mmoja mtu mzima. Mwenzangu alishika utepe, mimi nikaandika: vyumba viwili, ukumbi, jiko la nje, minazi saba, mwembe mmoja, ndimu mbili. Nilipomsomea, yule mama alisema, "Umesahau mmoja." Nikahesabu tena minazi, nikapata saba. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, penye mawe mawili yaliyosimamishwa kichwani na miguuni, nayo yamepakwa chokaa. Lilikuwa kaburi la mumewe. Fomu yetu haikuwa na mahali pa kuliandika. Nililiandika pembeni kwa kalamu ya risasi, na jioni ile nikaenda kwa msimamizi kuuliza litagharimiwa na fungu gani, naye akaniambia nisubiri. Niliendelea kusubiri hadi mkataba wangu ulipokwisha.

Kwa hiyo kaka, weka fungu la makaburi tangu mwanzo, nawe uwaite wenye elimu ya dini na wazee kabla ya kuandika kiasi. Kwenu Malindi na Magarini mna mazito zaidi, kwa sababu katika nyumba za Wagiriama mtakuta vigango vya wahenga, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka waliofariki, na hakuna mhasibu wala mthamini atakayewaambia gharama yake. Hao ni wazee peke yao wa kusema kama vinaguswa au haviguswi.

Jambo la pili ni nani anayehesabiwa. Pwani yetu ina nyumba bila ardhi. Tangu Sheria ya Hatimiliki ya mwaka 1908, ardhi kubwa ya mwambao iliandikwa kwa majina ya wachache, na wengine wakabaki wakijenga juu ya kiwanja cha mtu huku wakimlipa kodi ya kiwanja. Ukibisha hodi katika mtaa wa mjini Malindi unaweza kuwakuta watu watatu wenye haki juu ya mlango mmoja: mwenye ardhi ambaye pengine anaishi mbali, mwenye jengo, na mpangaji wa chumba. Mkimwandika wa kwanza pekee mmewapoteza wawili. Mkimwandika wa pili pekee, mpangaji ataondoka na godoro lake kwenda kujenga kibanda mahali pengine, nanyi mtamhamisha tena baada ya miaka mitano. Ikiwa fedha zenu zitatoka Benki ya Dunia, kanuni zake za sasa, zilizoanza kutumika Oktoba 2018, zinataka hata asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi asaidiwe, na walioorodheshwa kabla ya tarehe ya mwisho iliyotangazwa wawe ndio wanaotambuliwa. Tarehe hiyo itangazwe msikitini, kanisani, sokoni na redioni, si kwenye ubao wa ofisi pekee.

Uzito wa orodha tumeuona hapa Lamu kwa macho yetu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Kuamua kiasi ni kazi, lakini kuamua nani ni mvuvi ni kazi kubwa kuliko hiyo: yuko mwenye chombo, yuko baharia, yuko anayetega kaa kwenye mikoko kwa miguu, na yuko mama anayenunua samaki ufukweni na kuwakaanga. Watu wa kuijua tofauti hiyo hawapatikani katika ofisi ya mhandisi.

La tatu, na hili linaniuma hadi leo. Sote wa mradi wetu tulikuwa wa mkataba. Mkataba ulipokwisha kila mmoja alikwenda zake, na mwenzangu mmoja alikwenda na daftari lake, si kwa wizi, bali kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumkabidhi. Katika daftari hilo mlikuwamo majina ya wavuvi waliokuwa baharini siku ya kuorodheshwa, ambao tuliwaahidi kuwarudia. Hawakurudiwa. Wahenga wamesema mwenye kovu usidhani kapoa. Kila mradi mpya ukija, hao ndio wa kwanza kuufungia mlango.


Karani wa Mipango, Malindi

Shikamoo Mzee, na asante sana dada. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili na nimeirudia fomu yetu ya kuorodhesha. Ni kweli, haina mahali pa kaburi, wala pa mpangaji. Nimeanza kuirekebisha usiku huu.

Nimebaki na shaka moja. Mzee anasema maafisa watano mwaka wa kwanza na wawili mwaka wa pili, maana yake watatu watakuwa wa mkataba. Dada anasema mikataba ndiyo iliyowaangusha. Nitawapatanisha vipi, nikijua kwamba wakubwa wangu hawatakubali watano wa kudumu?


Msomi wa Miji

Niruhusu nikusaidie kwa mfano wa mbali, kwa sababu swali hili si geni duniani na kuna mji uliolijibu kwa vitendo kwa miaka karibu ishirini.

Usiku wa tarehe 25 Desemba 1953 moto uliunguza vibanda vya Shek Kip Mei huko Hong Kong na kuwaacha watu zaidi ya elfu hamsini bila makao. Mwaka uliofuata serikali ya huko ikaunda idara nzima kwa ajili ya kuwahamishia watu makazi mapya. Majengo ya mwanzo yalikuwa ya ghorofa sita au saba, yamepangwa kama herufi H, vyoo na mabomba ya maji yakiwa ya pamoja katikati. Kipimo chao kilikuwa kikali mno: futi 24 za mraba kwa mtu mzima mmoja, na mtoto wa chini ya miaka kumi akihesabiwa nusu. Chumba cha kawaida kilikuwa futi 120 za mraba kwa watu wazima watano, kwa kodi ya dola 14 za Hong Kong kwa mwezi. Sisemi tuige udogo huo. Hata wao waliuacha baadaye.

Ninachotaka ukione ni mgawanyo wa kazi. Majengo yalijengwa na idara ya kazi za umma. Idara ya kuhamisha watu ilikuwa na wafanyakazi wa kuvihesabu vibanda na kuvipa namba, wa kuzunguka kuzuia vipya visiote, wa kuwapanga watu vyumbani, kisha wa kusimamia mitaa, kukusanya kodi na kupokea malalamiko. Kwa maneno mengine ilikuwa idara ya watu tangu asili yake, na saruji ilikuwa kwa wengine. Nayo haikuvunjwa nyumba zilipokwisha kujengwa. Iliendelea hadi mwaka 1973, ikiwa imewahifadhi watu zaidi ya milioni moja, ndipo ikaunganishwa katika idara mpya ya nyumba pamoja na wafanyakazi wake.

Ndiyo maana ningekushauri usiwapange maafisa wako kama watu wa mradi wanaopungua kutoka watano hadi wawili, bali kama wasimamizi wa mitaa wa kesho. Mwaka wa kwanza wanawatembelea waliohama. Mwaka wa pili watatu kati yao wanakuwa wasimamizi wa majengo hayo hayo, kwa maana nyumba ya serikali ya kupangisha haiwezi kuishi bila msimamizi: kuna taa ya ngazi iliyoungua, kuna bomba lililopasuka, kuna mpangaji aliyekipangisha chumba chake kwa mtu mwingine akarudi kibandani. Nafasi ni zile zile, kazi ndiyo inayobadilika.

Hapa kwetu tunao mfano wa Kibera pia. Septemba 2009 familia zilianza kuhamishwa kutoka Soweto Mashariki kwenda nyumba 600 za muda huko Langata, ili eneo lao lijengwe. Nyumba zilikuwa za vyumba vitatu, na familia tofauti ziliwekwa katika nyumba moja, kila moja chumba chake, wakitumia jiko na choo kwa pamoja. Nyumba 822 za kudumu zilikabidhiwa mwaka 2016. Hesabu miaka: ni saba. Mtu anayeingia makazi ya muda na mtoto wa darasa la kwanza anatoka na mtoto anayemaliza shule ya msingi. Kitengo chochote kinachopewa ikama ya miaka miwili kwa kazi inayoweza kuchukua saba kitakuwa kimekufa kabla ya siku ya kukabidhi funguo. Wazee wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani; na huko ndani ndiko bajeti zetu zisikofika.


Mhasibu Mstaafu

Ninamuunga mkono ndugu Msomi juu ya nafasi zinazobadilika kazi, na ningeiandika hivyo hivyo katika ombi la Bodi: "afisa wa makazi na jamii", jina linalobeba kazi zote mbili, badala ya "afisa wa uhamisho" ambaye akimaliza kuhamisha hana jina tena.

Lakini asikudanganye mtu kwamba kodi ya nyumba italipa mishahara yao moja kwa moja. Kwa Katiba yetu, Ibara ya 207, mapato ya kaunti huingia katika Mfuko wa Mapato ya Kaunti, na hayatoki humo bila kuidhinishwa kisheria, isipokuwa pale sheria ilipoyatenga mahususi. Kodi mtakayokusanya asubuhi hamwezi kuitumia mchana kubadilisha taa ya ngazi. Kwa hiyo fungu la matengenezo liandikwe peke yake kila mwaka katika matumizi ya kawaida, nalo lianze mwaka ule ule watu wanapoingia. Nimeona majengo ya umma yaliyokaa mwaka mzima bila fungu la matengenezo kwa sababu kila mtu alidhani mkandarasi bado anawajibika. Katika hewa yetu ya chumvi, mwaka mmoja unatosha kulila bawaba la mlango.

Na kama sehemu ya ardhi itatwaliwa kwa lazima, usilipangie fungu la fidia kwa mafungu mafungu ya miaka. Sheria ya Ardhi inataka fedha za fidia ziwekwe kwa Tume ya Taifa ya Ardhi kabla utwaaji haujafanyika, na kanuni za mwaka 2017 zinaongeza asilimia 15 ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu. Wengi huisahau hiyo asilimia 15, halafu fidia ikakwama kwa upungufu ambao ungeonekana mapema kwa kalamu na karatasi. Pia kumbuka kwamba marekebisho ya mwaka 2016 yanadai notisi ya miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu. Miezi hiyo mitatu ni mishahara ya maafisa wako wakiwa uwanjani, iandike.

Juu ya hoja ya mkubwa wako, kwamba kila mshahara ni chumba anachonyimwa mwananchi, ningemjibu kwa heshima hivi. Mshahara wa afisa anayezuia kaya kumi zisiziuze funguo zao na kurudi bondeni umeokoa vyumba kumi vilivyokwisha kulipiwa. Mwambie akutajie mhandisi anayeweza kufanya hivyo.


Karani wa Mipango, Malindi

Mzee wangu, dada yangu na ndugu Msomi, mmenipa kazi na mmenipa nguvu ya kuifanya. Nimeiandika rasimu upya. Mhandisi na mchoraji wa ramani nimewatoa, na nafasi zao nimeziomba kwa barua kutoka idara zao kwa siku maalum za mwezi. Nimeweka mkuu wa kitengo, maafisa watano wa makazi na jamii wa kudumu, watatu kati yao wakianza usimamizi wa majengo mwaka wa pili, karani mmoja wa kumbukumbu na malalamiko, na mhasibu mmoja badala ya wawili. Waorodheshaji ni wa muda, kwa siku za kazi zilizokokotolewa kama Mzee alivyoonesha. Jumla ya mishahara imezidi kidogo ile ya mwanzo, wala sikukificha kiasi hicho; nimekiwekea ukurasa mzima wa hesabu ya ziara mbele yake. Makaburi yana fungu lake, na kiasi nimekiacha wazi mpaka tukae na wazee.

Swali moja dogo kwa dada: lile daftari. Ningependa jambo kama lile lisitokee kwetu. Mngekuwa na nini mkononi ili lisipotee?


Binti Langoni

Kaka, tungekuwa na vitu vitatu, na vyote ni vya bei nafuu. Kwanza, madaftari yenye kurasa zilizopigwa namba, yakitolewa na karani wa kumbukumbu kwa sahihi na kurudishwa kwake kila Ijumaa, hata kama halijajaa. Pili, nakala: kila ukurasa upigwe picha siku hiyo hiyo na kuhifadhiwa kwenye kompyuta ya ofisi, si katika simu ya mtu, na nakala ya karatasi ya orodha ya kila mtaa ibaki kwa kamati ya mtaa wenyewe, ili watu waweze kujisomea na kusema "fulani hayumo" wakati bado kuna nafasi ya kumwingiza. Tatu, kabati la chuma lenye kufuli. La mbao msilikubali hata mkipewa bure, mchwa hawana habari na orodha ya nani.

Na malipo ya mwisho ya kila mworodheshaji wa muda yasitolewe mpaka awe ameketi saa nzima na mmoja wa maafisa watano, wakapitia pamoja kila kaya ambayo haikupatikana: mwenyewe yuko wapi, anarudi lini, jirani gani anamjua. Wale wavuvi wetu walikuwa wakirudi msimu wa kusi ukianza. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa katika ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa mkono wa mwenzangu.